Miaka Thelathini Katika Daraja la Pili

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi wa breki za mabehewa, mama yake alishona nguo za watu barazani. Siku aliyozaliwa mizani ya kliniki ilikuwa mbovu, mkunga akampeleka dukani akapimiwa kwenye mizani ya sukari. Kilo mbili kasoro robo. Mwenye duka alisema, "Huyu nusu yake iko wapi?" Mama yake alikasirika akanunua chumvi duka lingine mwaka mzima.

Maneno haya ni yangu mimi mume wake. Shule sikuiona. Binti yetu wa mwisho ameyaandika nilivyoyasema, na ndiye anayewasomea. Nimemwomba asiongeze na asipunguze. Lipo jambo moja la kazi ya mama yake ambalo watu wamelijua vibaya kwa miaka thelathini na mbili. Nataka linyooke kabla hatujamfukia. Nitalisema likifika mahali pake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 akamaliza 1964. Sekondari alimaliza 1970. Alitaka unesi. Nafasi za unesi zilikuwa zimejaa, akaandikiwa kwamba ipo nafasi moja ya lishe, kama anaitaka ajibu ndani ya siku kumi. Nyumbani hakuna aliyejua lishe ni kazi gani. Mama yake alimwuliza, "Mwanangu, miaka mitatu unajifunza kupika? Njoo hapa nikufundishe kwa wiki mbili, tena bure." Baba yake aliuliza swali moja tu, kama kazi hiyo ina mshahara. Marehemu akasema upo. Alikuwa hajui. Alijibu siku ya tisa.

Alisoma diploma ya lishe kuanzia 1971 hadi 1974. Darasa lilikuwa na watu kumi na mmoja. Yeye alikuwa wa pili. Wa kwanza aliacha kazi hiyo baada ya mwaka akafungua duka la vitambaa, kwa hiyo marehemu alikuwa akisema yeye ndiye wa kwanza kati ya waliobaki.

Aliajiriwa hospitali kuu ya wilaya tarehe 1 Julai 1974. Barua ya kazi ilimwita Msimamizi wa Chakula, kwa sababu kwenye vitabu vya hospitali mtaalamu wa lishe hakuwepo. Waliangalia orodha, wakakuta jikoni kuna nafasi, wakamweka huko. Ofisi yake ilikuwa stoo ya unga. Meza ilikuwa kreti mbili na ubao juu. Mshahara wake ulikuwa chini ya wa nesi aliyesoma miaka ileile. Nesi alikuwa na posho ya sare na posho ya zamu. Yeye alikuwa na koti jeupe alilolishona mama yake.

Madaktari walipozunguka wodini yeye alifuata nyuma na daftari. Daktari mmoja wa upasuaji alimgeukia mlangoni akasema, "Wewe wa jikoni, subiri nje." Akasubiri nje. Walipotoka akamwambia daktari, "Mgonjwa wako wa kitanda cha sita aliyeungua, kidonda hakifungi kwa sababu hali chakula cha kutosha. Anahitaji mayai mawili kwa siku na maziwa." Daktari akaondoka. Marehemu akaenda stoo kuomba mayai. Mtunza stoo akamwambia mayai ni ya madaktari wa zamu. Akamjibu, "Basi niandikie hapa kwamba umemnyima, uweke sahihi." Mtunza stoo aliangalia ile karatasi, akatoa trei nzima. Baada ya wiki tatu kidonda kilifunga. Daktari yule akaanza kumtuma mtu stoo ya unga kumwita, na pale mlangoni hakumwambia tena asubiri.

Wagonjwa walimwita Mama Bila Chumvi. Wengine walipomwona anaingia wodini waliweka mikoba ya chakula cha nyumbani chini ya shuka. Hata dada zangu, wifi zake, akibisha hodi walikuwa wanaondoa chupa ya soda mezani. Yeye alikuwa anaingia, anakaa, anaongea mambo mengine kabisa, halafu akiaga anasema, "Wifi, na ile soda chini ya kiti itapata moto."

Mimi nilikuwa mpishi katika jiko lile tangu 1968. Nilikuwa sijui kusoma, na jikoni hawakujua. Kadi za chakula za wagonjwa zikija nilikuwa namwambia mwenzangu, "Nisomee, moshi umeniingia machoni." Macho yangu yaliingia moshi miaka sita. Yeye aligundua wiki ya pili. Siku iliyofuata alikuja na nyuzi za mama yake za kushonea. Akasema mbele ya wote, "Mpishi, mimi mwandiko wangu mbaya, hata mwenyewe unanishinda. Tufunge nyuzi kwenye trei. Nyekundu hana chumvi. Bluu hana sukari. Nyeupe chakula laini. Njano anaongezewa yai." Alisema yeye ndiye mwenye shida. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama wa kitabu.

Kuchumbiana kwetu kulichukua muda. Alikuwa akionja sufuria zangu kila siku na kila siku alikuwa na neno. Siku moja akasema mchuzi una mafuta mengi. Nikamwambia, "Njoo uyapunguze nyumbani kwangu." Akauliza, "Hilo ni swali la kazi au ni posa?" Nikasema ni posa. Akasema, "Basi kaiseme vizuri, kwa watu wazima." Tulifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978. Mungu alitupa watoto wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike. Nyumbani nilipika mimi. Yeye alipima.

Mwaka 1981 hospitali ilikubali kumtoa kwenye orodha ya jikoni na kumwandika Mtaalamu wa Lishe, Daraja la Pili. Nyumbani tulifurahi. Mshahara uliongezeka tukaweka dirisha la kioo chumba cha watoto. Lakini juu ya la pili kulikuwa na la kwanza tu, na hilo lilikuwa kwenye karatasi, nafasi yenyewe haikuwepo. Manesi walipanda. Wafamasia walipanda. Yeye kila mwaka aliandika barua kuomba hospitali iwe na Mkuu wa Kitengo cha Lishe, mtu wa daraja la kwanza anayekaa kikao kimoja na mfamasia mkuu na mkuu wa manesi. Aliandika barua hiyo miaka kumi na moja. Nakala zake zipo kabatini, zote.

Mwaka 1992 walikubali. Mshahara wa nafasi ile ulikuwa karibu mara mbili ya wake. Usaili uliwekwa tarehe 9 Oktoba. Katika hospitali nzima aliyekuwa na sifa ni yeye peke yake. Mfamasia mkuu alikuwa ameshaanza kumwita Mheshimiwa kwenye korido, naye alikuwa anamjibu, "Acha uchawi wako."

Sasa nafika pale nilipowaambia.

Wodi ya nne alilazwa mzee mmoja, fundi wa saa. Figo zake zilikuwa zimechoka. Trei yake ilikuwa na uzi mwekundu. Mzee yule alikuwa akija dirishani pa jikoni amevaa gauni la hospitali, ananiambia, "Mpishi, hiki ni chakula au ni adhabu? Nimemkosea nani?" Mimi nilikuwa mpishi wa miaka ishirini na nne. Maneno yale yaliniuma. Na mzee nilimhurumia, mkewe alikuwa ameshafariki na hapakuwa na mtu wa kumletea kitu. Nikaanza kumtilia chumvi. Kidogo, nilisema moyoni. Na supu ya nyama nzito juu yake. Siku ya kwanza alirudisha bakuli limelambwa. Akasema, "Leo ndiyo umepika!" Nikafurahi. Nikamtilia tena siku ya pili, na ya tatu, na ya nne, na ya tano.

Marehemu alikuwa akiwapima wagonjwa wa figo kila asubuhi kabla ya chai. Alimwona mzee anapanda uzito ingawa hali chakula zaidi ya anachopewa. Asubuhi ya siku ya sita, tarehe 21 Septemba, mzee alivimba uso na miguu, pumzi ikakata, wakamkimbiza kwenye oksijeni. Marehemu alikuja jikoni moja kwa moja. Bakuli la mzee la jana yake lilikuwa bado halijaoshwa. Alichovya kidole, akalamba. Akaniangalia.

Nikasema, "Alinisihi."

Akasema, "Wote wananisihi."

Aliosha mikono akarudi wodini, akakaa na mzee hadi alipoweza kuongea. Mzee alipona baada ya siku nne akarudi kwenye saa zake.

Lakini daktari mkuu aliitisha kikao siku ile ile mchana kujua nani alikosea. Tulipokuwa tunavuka uwanja kwenda huko nilimwambia marehemu nitasema kweli. Alisimama karibu na kamba za kuanikia mashuka. Nawaambia alivyosema, sijasahau neno.

"Wewe watakufukuza leo. Una miaka arobaini na tisa na huna cheti hata kimoja. Utapika wapi?"

Nikasema, "Na wewe usaili wako?"

Akasema, "Mimi wataninyima cheo. Kazi hawaninyang'anyi. Watoto wanne wako shuleni, Mpishi. Hesabu mwenyewe."

Nikasema siwezi kukubali. Akasema, "Sikukuomba ukubali. Nimekuomba unyamaze."

Nikanyamaza. Kwenye kikao alisema, "Nyuzi nafunga mimi. Nilimfungia mgonjwa huyo uzi usio wake." Daktari mkuu alimwuliza mara mbili kama ana hakika. Akasema ana hakika. Wakampa onyo la maandishi. Kesho yake lilisomwa mbele ya wakuu wa idara na sisi wa jikoni tumesimama ukutani na aproni zetu. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Nyuzi zikapigwa marufuku. Kuanzia siku hiyo hadi nilipostaafu, alikuja jikoni kila asubuhi akanisomea kadi zote, moja moja, kwa sauti ya chini.

Usaili hakuitwa. Nafasi wakampa kijana kutoka nje, mwenye digrii. Siku kijana huyo alipotambulishwa, marehemu alipiga koti lake pasi mara mbili. Alimwonyesha wodi zote na mahali pa kuweka daftari. Baada ya miaka mitano kijana aliondoka kwenda shirika linalolipa zaidi, na kwa wakati huo kanuni zilikuwa zimebadilika, daraja la kwanza bila digrii haiwezekani. Yeye alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Aliwafundisha kazi vijana ishirini na watatu. Mmoja analisha timu ya mpira. Mmoja ana ofisi mjini, watu wanamlipa kwa saa. Mmoja alirudi hospitalini kuwa mkuu wake. Marehemu alimwita Bosi. Yule binti alikuwa anaona haya, anasema, "Mama, usiniite hivyo." Naye anajibu, "Niache nizoee bwana, nisije nikakukosea adabu mbele ya watu."

Binti yetu wa mwisho alipotaka kusoma lishe alimwuliza mama yake kama kazi inalipa. Mama yake hakumdanganya. Alisema, "Miaka mitano ya kwanza utalipwa chini ya nesi. Ukipata digrii utamfikia. Ukifungua ofisi yako utampita. Ukikaa wodini kama mimi, utazeeka pamoja na mizani. Na siku ya kuajiriwa, kabla hujaweka sahihi, uliza wamekuandika kwenye orodha gani. Wakisema jikoni, rudisha kalamu." Aliisoma. Leo ni wa daraja la kwanza.

Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2011. Alikaa daraja la pili miaka thelathini, na pensheni yake ikapigwa kwa mshahara wa daraja la pili. Kwenye sherehe ya kumuaga msemaji alisema huyu ni mama aliyeridhika na nafasi yake, hakuwa na tamaa ya vyeo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili na soda mkononi. Nami nikapiga makofi.

Hakuridhika. Hilo ndilo nililotaka lisomwe. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu kingine chochote cha kazi. Aliipigania miaka kumi na moja akaiacha mchana mmoja kwa ajili yangu. Uzi aliufunga vizuri. Chumvi niliitia mimi.

Baada ya kustaafu watu walimfuata nyumbani. Mama wajawazito, wenye sukari, wazazi wa watoto wasiokula. Aliwapokea jikoni kwetu na kuwauliza wana nini ndani ya nyumba siku hiyo, maana alikuwa hapendi kumwambia mtu anunue asichoweza. Wakimuuliza ada yake alikuwa anasema, "Rudi baada ya mwezi nikupime."

Alianza kuugua Agosti mwaka 2023. Tumbo, halafu mgongo. Mwezi wa Novemba tuliambiwa ni saratani ya kongosho. Alimwuliza daktari maswali kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa wake, na tulipofika nyumbani akaniambia kutakuja siku hataweza kula na nisimlazimishe. Mimi kazi yangu ni kulisha watu. Nilimpikia kila kitu kwa vijiko. Alikuwa anaonja, anasema, "Kizuri, Mpishi," anaweka kijiko chini. Mwezi wa Aprili nilimletea supu akafumba mdomo. Nikamwambia kijiko kimoja tu. Akasema, "Mwili wangu umeshafunga jiko. Kaa hapa tu." Nikaweka bakuli dirishani nikakaa.

Ilikuwa katika siku hizo nilimwambia nataka kuwaambia watu habari ya 1992. Akauliza, "Unataka kunizika au kujitua mzigo?"

Nikasema, "Nataka wajue ulikuwa nani."

Akafumba macho nikadhani amelala. Halafu akasema, "Watoto wasije wakakudharau."

Aliwaza hilo, akiwa vile.

Alifariki tarehe 28 Mei 2024, saa nne asubuhi, nyumbani, akiwa na miaka sabini na tatu. Binti zake wawili walikuwa wamemshika mikono. Mimi nilikuwa nimeshika miguu, ilikuwa inapata baridi.

Juzi nilipokuwa nayasema haya, kalamu ya binti yangu ilisimama. Akaniuliza, "Baba, kweli?" Nikamwambia aandike. Kaka yake mkubwa aliposikia alikuja akasema, "Baba, hayo si ya kusoma kaburini. Hospitali wakikuchukulia hatua?" Nikamwambia, "Nina miaka themanini na moja. Watanifukuza kazi gani?" Akacheka kidogo, halafu akatoka nje, na nilimsikia analia karibu na tangi la maji. Wote wanne wamekubali yasomwe.

Mganga mkuu wa sasa ametuma watu, nawaona hapo wamevaa makoti yao, na wapo waliofundishwa na marehemu. Nawashukuru. Faili lake lipo kwenu masjala. Ndani yake kuna onyo la tarehe 22 Septemba 1992. Naomba liondolewe. Kama haliondoleki kwa kanuni, basi liandikwe jina langu juu yake. Nitakuja mwenyewe kuweka dole gumba, mbele ya mashahidi mnaowataka.

Marehemu ameacha mume; watoto wanne, ambao ni mwalimu wa hesabu, mshonaji, fundi umeme, na huyu anayewasomea; wakwe watatu; wajukuu tisa; kitukuu mmoja wa miezi miwili ambaye alimpima mwenyewe akiwa kitandani; kaka mmoja na dada wawili; na wanafunzi ishirini na watatu.

Mwenyezi Mungu ampokee na ampe mapumziko, amechoka. Mke wangu, msamaha nilikuomba mara nyingi tukiwa wawili tu, na kila mara uliniambia yameisha. Lakini onyo ulisomewa mbele ya watu, nami nikiwa nimesimama ukutani. Leo watu wapo. Nisamehe.